Mwalimu wa Pwani Alipofika Ukambani

Hapa Kaloleni hakuna anayeniita Mswahili. Mimi ni Mgiriama, mtoto wa mkulima wa minazi. Nilipokuwa kijana nikienda Mombasa kununua vitabu, mwenye duka wa Mji wa Kale alikuwa akitabasamu kabla sijamaliza kutaja ninachotaka, kwa sababu lafudhi yangu ilikuwa imeshamwambia natoka wapi. Kwa baadhi ya wazee wa mjini sisi tulikuwa "Wanyika", watu wa porini, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuazima.

Basi fikiria mshangao wangu mwaka wa 2015, TSC iliponipeleka kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili ya kutwa kaunti ya Kitui. Nilifika nimejaa vumbi, maana barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ilikuwa bado haijatiwa lami, na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshatambulishwa mbele ya wanafunzi: "Huyu ni mwalimu wetu mpya, Mswahili halisi kutoka Pwani." Makofi yakapigwa. Sikukanusha. Kusema kweli nilifurahi, nikanyoosha mgongo, na siku hiyo nikazungumza Kiswahili cha taratibu kilichokolea "alhamdulillahi" na "inshallah" mpaka mimi mwenyewe nikajishangaa, kwani sisi kwetu ni watu wa kanisa.

Naandika haya kwa Wapwani wenzangu kwa sababu nilikaa Ukambani miaka saba, minne Kitui na mitatu Makueni, na nilichojifunza huko kuhusu kufundisha lugha sikukipata chuoni. Chuoni tulifundishwa sarufi, fasihi na jinsi ya kuandaa somo. Hatukufundishwa kwamba kabla mwanafunzi hajajifunza neno lako la kwanza, ameshajiuliza wewe ni nani, yeye ni nani mbele yako, na je, akifungua mdomo wake atabaki kuwa na heshima yake au la.

Nianze na kosa langu.

Katika kidato cha pili kulikuwa na msichana aliyeandika insha nzuri kuliko darasa zima. Ngeli zilimnyookea, methali alizitia mahali pake. Wiki ya tatu nikamsimamisha asome kifungu kwa sauti. Akasoma "baba" ikatoka "mbamba". Akasoma "gari" ikatoka "ngali". "Habari" ikapoteza h. Nami, Mswahili halisi, nikamkatiza. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, nikimwigiza kidogo ili asikie tofauti. Darasa likacheka. Jambo la ajabu ni kwamba wote waliocheka walikuwa wakitamka vilevile. Msichana akakaa chini. Hakusoma tena kwa sauti hadi mwaka ukaisha, na kila nilipomwuliza swali alisimama, akatazama dawati, akanyamaza. Katika mtihani wa muhula alipata alama za juu kabisa.

Hapo ndipo pana fumbo la mtihani wetu. Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Zote ni za kalamu. Mtoto anaweza kupata A bila kutamka neno moja mbele ya mtahini. Kwa hiyo msichana yule hakuwa na shida yoyote kwa macho ya mfumo. Shida ilionekana tu kwangu niliyekuwa nikimwona kila siku amefunga mdomo, na najua ni nani aliyeufunga.

Ngoja nieleze lile jambo la "mbamba", kwa sababu hapa Pwani tunalichekea sana bila kulielewa. Kikamba hakina b tupu, wala d tupu, wala g tupu. Sauti hizo huja zikiwa zimefungamana na sauti ya puani: mb, nd, ng. Tena Kikamba hakina h wala r. Mkamba aliyekopa neno "gari" miaka mingi iliyopita hakulikosea, alilivalisha nguo za nyumbani likawa "ngalĩ", kama Waswahili walivyolichukua "book" la Mwingereza wakalifanya "buku". Na ile nj yetu kwao ni nz: njia ni "nzĩa". Huo ni utaratibu kamili wa lugha kamili. Upande wa pili, Kikamba kina irabu saba, sisi tuna tano. Kuna ĩ na kuna i, kuna ũ na kuna u, na sikio la Mpwani halizitenganishi hata kidogo.

Hilo la irabu nalijua kwa sababu lilinikuta. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mzee ambaye kila mtu alimwita mwaitũ, yaani mama. Nikasema nijifunze lugha ya watu, angalau salamu. Asubuhi moja sokoni nikamwambia muuza ndengu, "Wĩ mũseo?", u mzima? Nilitamka kwa irabu zangu tano. Yule mama akacheka, akamwita mwenzake, nikaambiwa nirudie. Nikarudia. Wakacheka tena, bila ubaya wowote, wakanipa na ndengu za nyongeza. Lakini nikuambie kitu: wiki mbili zilizofuata nilisalimia kwa Kiswahili tu. Mwanamume mzima, mwenye shahada, nilinyamazishwa na kicheko cha wema. Nikiwa nimelala usiku mmoja ndipo yule msichana wa kidato cha pili aliponijia akilini.

Wataalamu wana jina la jambo hili. Miaka ya tisini Bonny Norton, mtafiti wa Kanada, aliwafuatilia wanawake watano waliohamia nchi hiyo wakijifunza Kiingereza. Mmoja wao, ambaye katika utafiti anaitwa Eva, alikuwa ametoka Poland akafanya kazi kwenye mkahawa. Alitaka sana kuzungumza. Lakini wenzake walimwachia kazi za kusafisha na hawakumsemesha, kwa hiyo naye alinyamaza, na kwa kunyamaza akaonekana hana Kiingereza. Alianza kuingia katika mazungumzo alipopata jambo la kusema ambalo wenzake hawakulijua, habari za maisha ya Ulaya. Norton akasema tusiulize tu kama mwanafunzi ana hamu. Mtu anaweza kuwa na hamu tele na bado asiseme. Tuulize amewekeza nini katika lugha ile, na anatarajia kupata nini: heshima, kazi, marafiki, nafasi ya kuwa mtu fulani. Akiona kwamba kila akisema anarudishwa kuwa mshamba, haoni faida ya kuwekeza. Atabaki na lugha yake ya daftari.

Neno hilo la uwekezaji nililielewa vizuri zaidi nilipohamishiwa Makueni.

Shule yangu ya pili ilikuwa karibu na barabara kuu ya Mombasa. Mtu asiyepita huko anaweza kudhani Wakamba wa Kitui na wa Makueni ni wale wale na Kiswahili chao ni kile kile. Kikamba chenyewe kwanza kinatofautiana, na watu wa Kitui watakuambia wamechoka kuambiwa kwamba cha Masaku ndicho sanifu (hata wao wana Mji wao wa Kale). Lakini tofauti kubwa niliyoiona ni barabara. Kibwezi, Mtito Andei, Emali, Sultan Hamud ni miji ya njia. Majina yenyewe yana hadithi: Mtito Andei ni msitu wa tai kwa Kikamba, na Sultan Hamud ni jina la sultani wa Zanzibar aliyefika hapo wakati reli inajengwa. Mtoto wa hapo anakua akiona mabasi ya Mombasa yakisimama. Wanafunzi wangu wikendi walikuwa wakiuza maembe na machungwa dirishani mwa basi, na huko Kiswahili kilikuwa pesa. Waliongea kwa kasi, wakatania, wakabembeleza: "Chukua basi mathe, nakufanyia hamsini." Ile "mbamba" ilikuwepo, r ilikuwa l, na hakuna aliyejali, maana abiria alitaka embe.

Jumatatu watoto hao hao wakiingia darasani wanakuwa mabubu. Nilishangaa sana mwanzoni. Kijana niliyemsikia Jumamosi akishindana bei na dereva wa lori hadi dereva akasalimu amri, Jumatatu nikimwuliza wingi wa "ukuta" anatafuta msaada kwa jirani. Dirishani mwa basi yeye ni mfanyabiashara. Darasani mwangu yeye ni Mkamba mbele ya Mpwani.

Na kabla hujasema basi Kitui ni ndani na Makueni ni njiani, ndiyo maana, kumbuka kwamba Kitui nayo ilikuwa njiani zamani, tena kabla ya reli. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba ndio walioendesha misafara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa. Kivoi, tajiri wa Kitui, alikuwa akiteremka Pwani na watu wake. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai, alimfuata hadi Kitui, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Kivoi aliuawa mwaka wa 1851 katika safari waliyokuwa pamoja kuelekea mto Tana. Wafanyabiashara wale walihitaji lugha ya kuelewana na watu wa Pwani, na hawakuhitaji mwalimu wa kuwaambia warudie "habari". Walikuja na pembe.

Krapf huyo alichapisha mwaka wa 1850 kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Ndani yake kuna Kiswahili, kuna Kikamba, na kuna "Kinika", jina walilotumia wakati huo kwa lugha zetu za Mijikenda. Lugha hizo zimepangwa bega kwa bega katika kitabu kimoja. Nilipojua hilo nilipata wazo ambalo lilibadilisha ufundishaji wangu, na naona aibu kwamba lilichukua muda mrefu hivyo kunijia.

Siku moja nikachora ubaoni safu tatu. Katika safu ya kwanza nikaandika Kiswahili: mtu, watu, mvua, macho. Nikawaomba wanafunzi wajaze ya pili kwa Kikamba. Wakatazamana. Katika shule nyingi nchini mtoto akisikika akiongea lugha ya nyumbani huadhibiwa au huvishwa kibao shingoni hadi amkamate mwenzake, kwa hiyo mwalimu anayewaomba Kikamba darasani walidhani ni mtego. Hatimaye mmoja akasema: mũndũ, andũ, mbua, metho. Nikaandika. Kisha nikajaza safu ya tatu mwenyewe: mutu, atu, mvula, matso.

"Hiyo ni lugha gani, mwalimu?"

"Kigiriama. Ndiyo lugha ya mama yangu."

Kimya kidogo. Halafu msichana mmoja nyuma akasema, "Kumbe mwalimu hata wewe si wa Kiswahili."

Nikuambie ukweli, msomaji, kitu kiliniuma kifuani. Miaka mitano nilikuwa nimebebwa na jina la Mswahili halisi. Nilipata heshima kwalo, wazazi walinisalimia kwalo, mkuu wa shule alinionyesha kwa wageni kwalo. Sasa limevuliwa na mtoto wa kidato cha kwanza. Nikajibu, "Si wa Kiswahili, na ninakifundisha. Nami nilichekwa dukani Mombasa." Nikawasimulia yule mwenye duka. Wakacheka sana, na safari hii nilikuwa ndani ya kicheko chenyewe.

Somo lililofuata lilikuwa na kelele. Waligundua wenyewe kwamba palipo na ch katika macho, Kikamba kina th na Kigiriama kina ts. Waligundua kwamba ngeli, ile sehemu wanayoichukia kuliko zote, wanayo nyumbani tangu utotoni: mũtĩ na mĩtĩ, mti na miti. Kwao "kĩndũ" wingi wake ni "syĩndũ", kwetu kitu na vitu. Hakuna mtoto wa Kikamba anayekosea upatanisho wa Kikamba. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba maarifa hayo ni mtaji. Mwanafunzi wa Kiingereza hana bahati hii, kule kila kitu ni kigeni. Sisi tumewageuzia Kiswahili kikawa kigeni vilevile, halafu tunasema Wakamba hawakiwezi.

Matamshi niliendelea kuyasahihisha, wasinielewe vibaya. Mtu akienda kutangaza redioni akasema "mbamba" atachekwa, na si haki kumwacha aende bila kujua. Ila niliacha kusahihisha katikati ya sentensi ya mtu. Nilingoja amalize alichotaka kusema, nikajibu hoja yake kwanza, kisha mwisho wa kipindi tukafanya mazoezi ya b na mb wote kwa pamoja, nami nikifanya mazoezi ya ĩ na i mbele yao, nikishindwa.

Lakini bado sijasema linalonikera zaidi, nalo linawahusu walimu.

Pale Makueni palikuwa na mwenzangu, Mkamba wa hapo hapo, mwalimu wa Kiswahili wa miaka mingi kuliko mimi. Kikamba humwita mwalimu "mũmanyĩsya", mwenye kumfanya mtu ajue, na kitenzi chake "kũmanya" hata sisi Wagiriama tunacho. Jina hilo lilimfaa. Alijua kosa kabla halijatamkwa, kwa kuwa lilikuwa limepita mdomoni mwake mwenyewe. Mimi niliweza kusema "hivi si sawa". Yeye aliweza kusema "unasema hivi kwa sababu nyumbani tunasema vile, sasa weka ulimi hapa". Hiyo ya pili ndiyo kazi ya mwalimu. Robert Phillipson aliandika tangu 1992 kuhusu dhana potofu kwamba mwalimu bora wa lugha ni mzawa wa lugha hiyo. Alikuwa akizungumzia Kiingereza na Waingereza wanaosambazwa duniani kukifundisha. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani Mwingereza huyo ningekuwa mimi.

Kwa sababu kila mara darasa la mtihani lilipogawanywa, wazazi waliomba watoto wao waje kwa "yule wa Pwani". Wageni wakija, mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji. Mwenzangu aliyavumilia yote akicheka, lakini siku moja tukinywa chai aliniambia, "Mwalimu, nikiandika mashairi wataniambia nimeiga Pwani. Nikikosea h moja wataniambia ni Mkamba. Niko wapi hapo katikati?" Nilimtajia Kyallo Wadi Wamitila, ambaye jina lake ni la Ukambani na ambaye riwaya yake Bina-Adamu! ya 2002 na vitabu vyake vya uhakiki na nadharia vinasomwa vyuoni. Akaniambia, "Huyo ni profesa. Mimi ni mwalimu wa kijijini." Sikuwa na jibu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haisemi ni lugha ya taifa inayomilikiwa na kaunti za Pwani. Hata hivyo kila mmoja wetu hapa ameshamsikia fundi Mkamba, au mchongaji wa vinyago pale Changamwe, akizungumza Kiswahili alichokitumia maisha yake yote, na akamwona kijana wetu akimwigiza mgongoni. Vichekesho vya televisheni vinafanya hivyo kwa Wakamba. Vinafanya hivyo kwetu Wagiriama pia, na huwa hatucheki.

Siku yangu ya mwisho Makueni ilikuwa siku ya wazazi. Mkuu wa shule akanipa maikrofoni kama kawaida, nimkaribishe mgeni. Nikasalimia kwa Kikamba, "Mwĩ aseo?", na mama mmoja wa mstari wa mbele akacheka irabu zangu. Nikampa maikrofoni mwenzangu. Alisita. Kisha akasimama, akafunga kitufe cha koti na kusema, "Habari zenu." H yake ilisikika kwa shida, akaendelea, na kwa dakika ishirini hakuna mtoto aliyegeuza kichwa.